Rungwe na Kitulo kwa miguu na kundi dogo: kiongozi wa viwango, ofisi ya kubahatisha

Nianze na jibu, maana najua wengi mnasoma haya mkitafuta jibu tu: ndiyo, ningeenda tena, ila kwa masharti. Safari yenyewe ni ya kutembea kwa miguu na watu wachache. Inaanzia Mbeya mjini, inagusa Ziwa Ngozi, inapanda Mlima Rungwe, halafu inahamia uwanda wa Kitulo na kuteremkia Chimala. Jina la kampuni naliweka pembeni. Nina malalamiko nayo ambayo bado tunaandikiana, na sipendi kuwaanika watu kabla hawajamaliza kujibu.

Bei nayo siiweki kwa sababu inategemea idadi yenu. Mkiwa wanne kila mmoja anaumia, mkijaza gari mnapumua. Ndani yake kuna usafiri, kiongozi, wapagazi, mpishi, mahema, chakula na viingilio. Kwenye viingilio fungueni macho. Sisi raia tunalipa kwa shilingi, na kiwango chetu ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni kutoka nje, kwa hiyo ukitajiwa bei ya jumla omba wakuchambulie. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, Kitulo ni hifadhi ya taifa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ni malipo mawili tofauti, kila moja na namba yake ya malipo. Dada mmoja wa kundi letu, mhasibu wa Dodoma, aliomba kuona stakabadhi zote mbili kabla hatujaanza kutembea. Alizipata, ingawa dereva alinuna.

Kundi letu lilikuwa la watu wasiojuana: huyo mhasibu, vijana wawili wa benki kutoka Dar, mwalimu mstaafu wa Njombe aliyekuja na binti yake, na mimi. Ukubwa huo ni mzuri. Mkikaa kula mnasikilizana, na akichelewa mmoja kiongozi anajua ni nani. Ubaya wake ni kwamba hakuna pa kujificha. Kijana mmoja wa benki alikuwa na spika ya muziki mfukoni, na ilibidi Mwalimu amwambie, kwa upole wa ualimu ule unaouma, kwamba ndege wa msituni nao wanalipiwa kiingilio.

Ngozi ni ya kunyoosha miguu. Mnatoka barabara kuu ya Mbeya kwenda Tukuyu, mnapita vijijini, mnaingia msituni na kukwea hadi ukingoni mwa kreta, ambako chini kabisa kuna maji ya kijani yaliyotulia. Utasimuliwa habari za Wajerumani kuficha mali zao ziwani. Sikiliza, piga picha, rudi. Kushuka hadi majini ni mteremko mkali mno na kiongozi wetu alikataa katukatu kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilimpenda kuanzia hapo.

Sasa Rungwe. Kwenye tangazo ugumu wake uliandikwa "wastani". Mlima una mita 2,960, na mtu aliyewahi kufika Kilimanjaro anaweza kucheka. Asicheke. Miteremko ya kusini-mashariki ya mlima huu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania, inafika karibu milimita 3,000 kwa mwaka, na sisi tulikwenda wakati wa masika. Ukishaipita misindano ya shamba la miti unaingia msitu wenyewe, na njia inageuka kuwa mfereji wa tope na mizizi. Halafu inakuja mianzi. Kwenye mianzi unainama, unapanda ukiwa umeinama, begi linakwama, unarudi nyuma hatua moja kulikwamua, unainama tena. Kuna na majani yanayowasha, hayo yalitupata wote mikononi kwa sababu kila anayeteleza hushika cha karibu. Mtu mwenye afya ya kawaida anafika, sikatai, lakini hiyo si "wastani" ya mtu anayetoka ofisini moja kwa moja. Binti wa Mwalimu alikuwa amepiga simu kabisa kuuliza kama baba yake ataweza, akaambiwa "njia ni nzuri, mama, hata watoto wanapanda".

Kilichookoa siku ni kiongozi. Ni Mnyakyusa wa palepale Rungwe, mtu wa makamo, mwembamba, asiyeongea sana. Asubuhi kabla ya kuanza alimwamkia Mwalimu shikamoo, akatazama viatu vyake, akamtazama magoti, kisha akasema: "Mwalimu utatembea nyuma yangu. Wengine mtamfuata Mwalimu." Basi. Hakumwambia mzee wa watu kwamba ni mzito, wala hakumweka mwisho na msaidizi kama mzigo uliosahaulika. Vijana wa benki walianza kuguna kwamba mwendo ni wa konokono. Hakubishana nao, akapunguza zaidi. Mchana wale wale walikuwa wanaomba kupumzika na Mwalimu yuko palepale, fimbo mkononi, anahema kwa mpango. Wanaolipia safari ya kundi dogo wanalipia kitu hiki, na hakiandikwi kwenye orodha ya vilivyomo.

Katikati ya msitu akainua mkono, tukasimama. Mbele upande wa kushoto kulikuwa na sauti moja ya ajabu, kama mbwa aliyekabwa koo anayejaribu kupiga honi. Ikajibiwa mbali. "Kipunji," akasema. Hatukumwona, na alituambia mapema kwamba tusitegemee kumwona. Lakini alituketisha juu ya gogo akatueleza. Kwamba wanavijiji wa hapa walikuwa na jina la huyu nyani wa mitini kabla ya mtaalamu yeyote kumjua. Kwamba watafiti waliokuwa wakisikia habari zake kwa wenyeji walimwona kwa macho yao mwaka 2003, wakamtangaza kwa dunia mwaka 2005, na mwaka uliofuata akawekwa kwenye jenasi (kundi la kisayansi la viumbe wa karibu) yake peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani Afrika tangu 1923. Yuko hapa Rungwe na msitu wa Livingstone, na kundi jingine dogo liko Udzungwa. Hakuna kwingine duniani. Mwalimu alimuuliza maswali kwa nusu saa na yote yakajibiwa, pamoja na la wawindaji na la wakata mbao, bila kupaka rangi.

Kileleni ukungu ulikuwa mzito na Ziwa Nyasa la kwenye picha ya tangazo hatukuliona. Hilo silalamikii, ukungu hauna mkataba na mtu.

Ninalolalamikia ni hili. Tulipiga kambi juu zaidi ya ukanda wa mianzi, na kesho yake tulishuka na mvua. Sisi wageni tulikuwa tumepewa makoti ya mvua ya kampuni, mazuri, yana kofia. Wapagazi wetu, vijana wa vijiji vya chini, walikuwa wamevaa mifuko ya mbolea. Mmoja alinipita akiwa na mahema mawili mgongoni, mfuko umetobolewa tundu la kichwa na mawili ya mikono, mbele kifuani bado pameandikwa UREA na uzito, kilo 50. Chini ana ndala, zimefungwa na kamba ya katani zisimtoke kwenye tope. Nilipomsalimia alicheka na kusema mfuko wa mbolea hauvuji. Nadhani kweli hauvuji. Lakini kampuni iliyonunua makoti ya wateja inashindwaje kununua ya watu wanaobeba hema la mteja? Nilimuuliza kiongozi. Alitazama chini, akasema ameshalifikisha ofisini. Kilimanjaro mizigo ya wapagazi hupimwa na kikomo ni kilo 20 kwa mtu. Huku sikuona mizani mahali popote, kila kijana alibeba alichopewa.

Kuhama kwenda Kitulo kulikuwa na vituko vyake. Gari lililokuja lilikuwa Noah yenye tairi vipara. Kwa lami ya Mbeya ingepita, ila kutoka Isyonje kupandisha milimani, wakati wa mvua, kila mwenyeji anajua inatakiwa gari yenye miguu minne inayovuta. Tulisukuma. Wakinamama waliokuwa wakivuna viazi waliacha majembe wakaja kusukuma nasi, kisha wakatuuzia debe la viazi kwa bei ambayo Dar huwezi hata kuiota, kwa hiyo hasara haikuwa yote. Mashamba ya pareto yalikuwa meupe pande zote na baridi ilikuwa imeshaanza kuuma, saa sita mchana.

Kitulo sasa. Wenyeji wanaita Bustani ya Mungu na wataalamu wa mimea wameipachika jina la Serengeti ya Maua. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ukienda ukitafuta tembo utarudi umenuna. Uko mita 2,600 hivi juu ya bahari, nyasi zinaenda hadi macho yanapokoma, na ndani ya nyasi hizo kuna aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake okidi. Kutembea ni kwepesi baada ya Rungwe. Vijana wa benki walikimbilia mbele kupiga picha kwenye maua marefu mekundu yaliyosimama wima.

Kiongozi alimwita kila mmoja arudi. Akapiga magoti, akafunua nyasi kwa vidole viwili. Okidi ndogo ya rangi ya waridi, ua lisilozidi ukucha wa kidole gumba, madoa ya zambarau kwenye mdomo wa chini. Kisha akasogea hatua tatu akatuonyesha shimo. Na jingine. Na jingine. Mashimo ya jembe dogo, udongo wake mweusi bado mbichi. Wanachimba viazi vya okidi, akasema, vinavushwa mpaka Zambia kutengenezwa chikanda, chakula kinachopondwa na karanga na kupendwa sana huko. Ukichimba kiazi hicho mmea umekwisha. Aliongeza kwamba wanaochimba si majambazi, wengi ni watu wenye shida ya ada na dawa, na kwamba askari wa hifadhi ni wachache kuliko mashimo. Mhasibu wetu akauliza kilo moja inauzwaje. Alijua na hilo, lakini akasema hapendi kulitaja mbele ya watu, na hatukumsukuma.

Chakula kinastahili sentensi zake. Mama mpishi ni Mkinga wa Makete na alitulisha viazi kwa namna ambazo sikujua zipo, pamoja na njegere mbichi, maparachichi ya Tukuyu na uji wa ulezi alfajiri. Usiku ni baridi kwelikweli. Mifuko ya kulalia ya kampuni ilikuwa myepesi kwa urefu ule, na binti wa Mwalimu alilala amevaa kila alichobeba. Kabla ya kuondoka Mbeya pitia soko la Mwanjelwa ununue sweta zito la mtumba na soksi za sufu. Hautajuta, na ukifika nyumbani unampa mtu.

Kushuka Chimala ni kwa gari, kupitia zile kona 57. Kaa upande wa mlima kama una moyo mwepesi. Dereva, na tairi zake zile zile, aliendesha kwa adabu siku hiyo, nadhani kwa sababu Mwalimu alikaa mbele.

Suala la mwezi gani uende, hapa ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Maua ya Kitulo ni ya Desemba hadi Aprili, na yanachanua kwa sababu ya mvua ile ile inayoharibu njia ya Rungwe na barabara ya Isyonje. Juni hadi Septemba njia ni kavu na vilele vinaonekana vizuri zaidi, lakini uwanda umekauka, na asubuhi unaweza kukuta sakitu, yaani umande ulioganda, kwenye hema. Ofisi iliniahidi maua na anga safi kwa pamoja. Chagua kimoja. Kama magoti yako si mazuri, chagua Kitulo peke yake na uiache Rungwe kwa ajili ya kiangazi.

Niliwaandikia kuhusu makoti, tairi na neno "wastani". Kuhusu tairi walijibu siku hiyo hiyo na kuomba radhi. Neno "wastani" wamelibadilisha, sasa wameandika "wastani hadi ngumu". Kuhusu makoti ya wapagazi wamesema watalifanyia kazi bajeti ikiruhusu. Nikapendekeza waongeze kiasi kidogo kwenye bei ya kila mteja, nikataja na bei ya koti moja sokoni. Hilo bado halijajibiwa.

Ukiamua kwenda, omba kiongozi mwenyeji wa Rungwe na umtake kabla ya kulipa. Na bahasha ya ahsante kwa wapagazi usimpe dereva akupelekee, kama tulivyoelekezwa sisi. Mpe kila kijana mkononi mwake, mkiwa bado chini ya mlima, na umwambie ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa.