Muhuri mmoja tu: uzoefu wangu wa kuomba nyaraka wilayani

Atakayeniuliza leo kama inamfaa mwananchi kwenda wilayani kuomba nyaraka, nitamwambia abaki nyumbani afanye kazi zake. Huenda kesho nikasema mengine. Lakini naandika sasa hivi hasira ikiwa bado ya moto, kwa sababu nikiiacha ipoe nitaanza kuwatetea watu wasiostahili kutetewa.

Mimi nauza dagaa katika mji wa mpakani huku mashariki mwa Uganda. Wilaya sitaitaja, wenyewe watajijua. Sokoni kwetu Kiswahili ndicho kinachouza: Msamia, Mteso, Mganda na Mkenya wa ng'ambo wote tunapatana bei kwa lugha hiyo. Mwanangu wa tatu yuko darasa la sita katika shule ya msingi ya serikali, nami ni mjumbe wa kamati ya shule hiyo.

Shule ilijengewa choo cha shimo chenye vyumba vitano. Ukutani waliandika kwa rangi, herufi kubwa, mwaka wa fedha na kwamba fedha zimetoka serikalini. Haikuchukua muda. Zilipokuja mvua kubwa, sakafu ya chumba cha tatu ilipasuka. Ufa ulianza wa kupitisha kidole, ukawa wa kupitisha mkono, na mwalimu mkuu akaziba vyumba viwili kwa miti. Vile vilivyobaki, viwili havijapata kuwa na mlango tangu siku vilipojengwa. Wasichana wakubwa walining'iniza gunia la mahindi mlangoni, na upepo ukivuma gunia linainuka. Mwanangu akaanza kubaki nyumbani siku zake za mwezi. Hakuniambia sababu. Nilikuja kuijua nilipokwenda mwenyewe kuliona hilo gunia.

Kwenye kikao cha kamati nikauliza: mkataba ulisema milango mingapi? Hakuna aliyejua. Nani aliipokea kazi ikiwa haijakwisha? Kimya. Mwalimu mkuu akasema makaratasi yote yako wilayani.

Basi nikaenda wilayani.

Kabla ya kwenda, mpwa wangu alinisomea Katiba ya 1995, Ibara ya 41: kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu mwingine. Halafu akanisomea Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Niliyoyasikia yalinipa nguvu. Ukipeleka ombi, ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikinyamaza hadi siku hizo ziishe, sheria inahesabu kwamba imekataa, nawe unaweza kumlalamikia hakimu mkuu. Huulizwi unazitaka za nini, sababu zako hazina nafasi. Hata asiyejua kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na afisa ndiye anayepaswa kumwandikia ombi lake na kumpa nakala. Nilifikiri jirani zangu wangapi sokoni wangefurahi kulisikia hilo.

Barua ya kwanza niliiandika kwa Kiswahili. Mpwa akanishauri tuigeuze Kiingereza, maana ofisini wangepata kisingizio. Iliniuma. Katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na hapo ng'ambo ya mpaka, mwendo wa dakika chache kwa miguu, sheria ya Kenya ya 2016 imeandika wazi kwamba ombi la habari laweza kuletwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Lakini nilitaka mkataba wa choo, sikutaka ugomvi wa lugha. Tukaigeuza, tukatoa nakala mbili. Moja ya kuacha, moja ya kugongwa muhuri nirudi nayo.

Hiyo nakala ya pili ndiyo iliyonitesa.

Mapokezi palikuwa na kijana nadhifu, shati limepigwa pasi. Nikamsalimu, akaitikia bila kuinua uso. Nikampa barua zote mbili. Akasoma mistari miwili.

"Mama, hii unaitakia nini?"

"Nataka kuuona mkataba wa choo cha shule yetu, mwanangu."

"Nani amekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe. Mtoto wangu anasoma pale."

"Uko chama gani?"

Naapa ndivyo alivyouliza, mbele ya watu waliokaa kwenye benchi. Kwetu kura zikikaribia kila mwenye swali huonekana mpinzani, na mtu anaweza kuharibikiwa na biashara kwa neno kama hilo. Nikamwambia sina chama, nina mtoto. Akaichukua barua moja akaiweka mezani, na juu yake akaweka kikombe cha chai. Nikaiona duara ya chai ikijichora juu ya jina langu. Ile nyingine akanirudishia.

Nikamwomba aigonge muhuri kuonyesha imepokelewa. Akasema wino umekwisha. Kidau cha muhuri kilikuwa wazi pale mbele yake, na wino wa zambarau unang'aa! Nikamwonyesha. Akasema muhuri ule ni wa barua za maafisa, si wa watu wa nje. Nikamwomba basi aandike tarehe na kusaini kwa kalamu. Akasema hawezi kusaini kitu ambacho bosi hajakiona. Nikamwomba nimwone bosi. Bosi yuko mkutanoni. Lini atatoka? "Mama, acha namba yako, tutakupigia."

Naomba mnielewe kwa nini nilikasirika kwa muhuri. Siku 21 zinahesabiwa tangu walipoipokea barua. Bila muhuri hawajaipokea. Unaweza kumpelekea hakimu sheria yote kutoka mwanzo hadi mwisho, akikuuliza ushahidi kwamba uliomba, huna. Yule kijana alilijua hilo, ama aliyemfundisha kazi alilijua.

Na sisi ndio watu wa mihuri! Ukitaka kitambulisho cha taifa, muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ukihama nyumba, ukimdhamini mtu polisi, ukimsafirisha ng'ombe, barua ya mwenyekiti na muhuri wake. Hakuna mwaka uliopita sijatoa fedha nigongewe muhuri ili serikali iniamini mimi. Siku moja tu nimeitaka serikali igonge muhuri ili mimi niiamini, wino umekwisha.

Nilirudi mara ya pili, wiki iliyofuata. Bosi yuko Kampala. Mara ya tatu nikaambiwa barua haionekani, niandike nyingine. Mara ya nne mwanamke mmoja wa ofisi ya pili, mtu mzima mwenye heshima zake, alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, haya ni mambo ya serikali, utajiletea shida." Sikumwona mbaya. Watumishi hawa wamezeeka chini ya Sheria ya Siri za Serikali ya 1964, nayo bado ipo. Mtu aliyezoea miaka yote kwamba kosa ni kutoa habari, hawezi kubadilika kwa sababu Bunge lilipitisha sheria nyingine. Lakini choo cha watoto ni siri ya nani?

Kila safari ni boda kwenda na kurudi, na meza yangu sokoni imefunikwa turubai. Dagaa hawangoji.

Nje ya ofisi kuna ubao wa matangazo wenye kioo. Hapo ndipo fedha zinazotumwa wilayani zinapaswa kubandikwa tuzisome. Niliusoma wote nikisubiri: tangazo la kazi la zamani lililopauka, tangazo la msiba, ratiba ya chanjo. Nikamkumbuka mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu anayependa kusimulia uchunguzi wa 1996, uliopita katika shule 250 na kukuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya fedha za ruzuku zilizotumwa kwa ajili yake. Nyingine ziliishia njiani. Baada ya hapo serikali ikaanza kuzitangaza fedha hizo magazetini na kutaka zibandikwe shuleni na wilayani, na hali ikawa bora sana. Karatasi ukutani, basi! Nchi hii ilishajaribu dawa ikaona inatibu. Sasa nimesimama mbele ya kioo nasoma tangazo la msiba.

Kama ningeandika haya baada ya safari ya nne, ningeishia hapa, na ningewaambia msiende.

Ila safari ya tano nilikosea mlango. Nilitafuta choo (cha kwao kina milango), nikaingia masjala. Mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alikuwa anapanga mafaili kwenye rafu hadi darini. Akasema, "Karibu mama, kaa, umechoka." Hakuna aliyekuwa ameniambia nikae tangu nianze kwenda pale. Nikamweleza yote, nikampa nakala ya barua. Aliisoma mpaka mwisho, akarudia kichwa cha habari, akafungua droo, akatoa muhuri wake, akaupumulia, akaugonga. Kisha akaandika tarehe kwa mkono na kusaini. Akafungua daftari kubwa la barua zinazoingia, akaniandikia namba, akanionyesha mstari wangu nihakikishe jina liko sawa.

Dakika tano. Nililia, sioni aibu kusema. Wiki nyingi za maisha yangu, na kumbe kazi yote ni dakika tano.

Aliniambia pia kuna ada ya ombi, shilingi 20,000, iliyowekwa na kanuni za 2011, na kwamba nisimpe mtu mkononi, nilipe palipo na risiti. Kwangu mimi 20,000 ni nyingi, na kwa mama anayeuza nyanya mafungu manne kwa siku ni ukuta. Hapo sheria yenyewe nailaumu. Lakini nililipa.

Kwa hiyo hukumu yangu ikageuka. Nilirudi sokoni nikawaambia wenzangu: nendeni, inawezekana, msipite mapokezi, nendeni masjala moja kwa moja. Nilikuwa na furaha ya ajabu, nikauza dagaa kwa bei ya hasara siku ile.

Siku 21 zikaisha bila neno. Nikaanza kuandaa malalamiko ya hakimu, muhuri wangu mkononi. Ndipo simu ikapigwa. Nadhani mzee wa masjala aliwakumbusha. Sina uhakika, na sitaki kumponza kwa kumsifia zaidi. Nikaitwa nije kusoma faili, nikanakili ninachotaka.

Nilikwenda na mpwa wangu. Tukawekwa kwenye meza ndogo, na yule kijana wa shati la pasi akakaa mbele yetu kutulinda. Faili la kijani, kurasa zimepewa namba kwa kalamu nyekundu. Mkataba ulikuwepo. Milango mitano ya mbao ngumu, kila mmoja na komeo ndani. Sakafu ya zege yenye nondo. Chumba kimoja chenye nafasi ya kuogea kwa ajili ya wasichana. Nililisoma hilo mara mbili. Walikuwa wameliwaza kabisa! Kuna mtu, mahali fulani, alikaa akamfikiria mwanangu, akaliandika, na fedha zikatengwa.

Kisha namba nyekundu zikaruka. Baada ya ukurasa wa 14 ukaja wa 19. Nikamuuliza kijana ziko wapi zile nne. Akasema, "Mama, si umepata mkataba? Ulichoomba si ni mkataba?"

Ukurasa wa 19 ulikuwa hati ya kupokea kazi. Inasema jengo limekaguliwa, limekamilika, milango mitano imefungwa, malipo ya mwisho yafanyike. Saini tatu. Na mihuri mitatu ya ofisi ileile, wino wa zambarau uliokolea, imegongwa wima, kila herufi inasomeka.

Nikamwambia kijana, "Siku ile wino haukuwa umekwisha, mwanangu." Akaangalia chini. Hakujibu.

Sasa mkiniuliza tena kama inafaa, sijui niwaambie nini. Haki ipo, nimeigusa kwa mikono yangu, nakala ya mkataba iko kwenye sanduku langu chini ya kitanda pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Lakini niliipata kwa sababu nilikosea mlango nikamkuta mtu mwema, na mzee yule anastaafu karibuni.

Barua ya pili nimeshaiandika. Naomba ukurasa wa 15 hadi wa 18, na vocha ya malipo ya mwisho. Safari hii kuna nakala tatu, na mwenyekiti wa kamati ya shule amekubali tuongozane Jumatatu.