Solution Finish kwenye Probox ya samaki: miezi 6 ya jua na chumvi ya Malindi

Nimengoja miezi sita ndio naandika hii, kwa sababu siku ya kwanza kila dawa ya kurudisha weusi wa plastiki za gari inang'aa, hata mafuta ya kupikia ukipaka plastiki inang'aa.

Gari yangu ni Probox nyeupe, zile za bampa nyeusi zisizopigwa rangi, na kazi yake ni kubeba samaki kutoka Ngomeni kuleta mjini. Sasa piga hesabu mwenyewe, jua la huku unalijua, naishi Shella ya hapa Malindi na gari inalala nje upepo wa bahari unaipiga usiku kucha, halafu maji ya barafu ya samaki yanavuja mlango wa nyuma yanateremkia bampa kila siku ya Mungu. Bampa la nyuma lilikua rangi ya jivu kabisa, lina michirizi myeupe, ukipitisha kidole kinatoka na unga kama umegusa ubao wa shule. Gari injini yake nzima, inatunzwa, lakini ukiiona unasema hii imetelekezwa. Ilikua inaniuma.

Kabla ya hapo kuna mahali pa kuosha magari nilitoa 500 wanirudishie weusi. Nikauliza wazi, hii si mafuta ya tairi? Wakasema la. Ilikua mafuta ya tairi. Jioni ile gari kama imetoka bandarini jana, kesho yake vumbi la njia likaganda juu yake, mvua moja tu ikapiga na yale mafuta yakateremka mpaka kwenye mlango mweupe. Pesa sikujali sana, ule uongo ndio ulinikera. Jirani yangu yeye alifanyiwa ile ya mashine ya hewa moto, na kweli weusi ulirudi pale pale, lakini kijana alikawia mahali pamoja na plastiki ikalainika, ule mparuzo wake wa kiwandani ukapotea, mpaka leo pana alama inang'aa kama kovu la moto.

Kitu nilichokuja kuelewa ni hiki. Plastiki hizi kiwandani zinatiwa weusi kwa masizi, na masizi hayana shida na jua. Inayokufa ni plastiki yenyewe ya juu, inapasuka vinyufa vidogo sana jicho halivioni, mwanga ukipiga pale sisi tunaona weupe. Mafuta yanajaza vile vinyufa kwa siku mbili tatu basi. Hii Solution Finish ni ya Marekani, ina rangi nyeusi ndani yake, kwa hivyo inatia weusi plastiki yenyewe, haikai tu juu kama mafuta.

Kichupa ni kidogo, mililita 30 hivi, binamu yangu alininunulia Mombasa na bei ilinishtua. Lakini matone machache yanakwenda mbali, bampa zote mbili, saidi mira na vishikio vya milango havikumaliza hata nusu.

Jamani kazi iko kwenye kuosha, msikimbilie kupaka. Mimi nilisugua na sabuni na brashi mara tatu, kwa sababu yale mafuta ya tairi yalikua bado yamejificha kwenye mikunjo, nikaacha ikauke kabisa kabisa, kisha nikapangusa na spiriti. Saa kumi na mbili asubuhi, chini ya mwarobaini, jua halijapanda. Ukipaka plastiki ikiwa moto dawa inakauka kabla hujaitandaza na unapata mabaka. Bandika seloteipu ya karatasi pale plastiki inapokutana na rangi ya gari, na vaa glavu, wino wa hii kitu hautaki mchezo. Tone kwenye spanchi, unasugua kidogo kidogo, halafu unafuta ziada na kitambaa kikavu. Mtoto wa ndugu yangu alikua ananisaidia, akainua kile kitambaa akaniuliza, "Ami, hii si ilikua nyeupe?" Kilikua cheusi tii, na bampa halinati mkononi hata kidogo. Hapo ndio nilifurahi wallahi, kwa sababu weusi wenyewe si wa kumeremeta, ni ule weusi mtulivu wa plastiki mpya.

Hiyo ilikua Januari, kaskazi limechachamaa. Nikaacha siku nzima bila kugusa maji. Ikapita masika yote, sasa tuko Julai upepo wa kusi, na gari inaoshwa karibu kila siku sababu ya harufu ya samaki. Bampa la mbele bado jeusi sawasawa. La nyuma, pale maji ya barafu yanapodondokea, limeanza kupauka kipande cha upana wa kiganja, na hiyo naona ni haki, chumvi ya kila siku si mchezo. Nitarudia hapo tu. Penye mikwaruzo mirefu ya kugonga kuta dawa inatia rangi lakini shimo linabaki shimo, usitarajie lizibike.

Kama gari lako linalala ndani na haliendi pwani labda huhitaji kutumia pesa hii. Wenzangu wa huku wenye Probox na tuktuk, nunueni mkiwa wawili watatu mgawane kichupa kimoja. Changu kimebaki zaidi ya nusu, Jumapili ni zamu ya tuktuk ya shemeji, na safari hii nimemwambia aioshe mwenyewe mara tatu kabla hajaileta.