Rimu ya "gramu 80" niliyoipima kwa mizani ya maharage

Nina kibanda cha steshenari, wiki iliyopita nikanunua rimu 5 za A4 kwenye duka moja la jumla, bei iko chini nikajiona mjanja kumbe. Kuziweka tu kwenye mashine ya kopi zinakwama kila saa, wateja foleni na CV zao, mimi nimefungua mgongo wa mashine navuta vipande.

Nikaazima mizani kwa jirani muuza maharage. Hesabu nyepesi tu, hiyo gramu 80 ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi, na A4 16 ni mita moja ya mraba, kwa hiyo karatasi moja ya A4 ina gramu 5, mara karatasi 500 za rimu ni kilo 2 na nusu. Yangu ikasoma 2.2! Hiyo ni gramu 70 imevalishwa koti la 80. Sio kwamba 70 ni mbaya, ila niambie basi.

Na unyevu pia. Kiwandani karatasi inaanza kama uji mwepesi, karibu wote maji, unamwagwa juu ya wavu unaokimbia na nyuzi nyingi zinalala kufuata mwendo wa mashine, ndo maana gazeti ukilichana upande mmoja linanyooka, mwingine linaenda kombo. Sasa nyuzi zikinywa maji zinanenepa zaidi kuliko kurefuka, karatasi inajikunja. Hizi walizilaza sakafuni bila hata chaga, kingo zimepinda kama chapati ya jana.

Nyota 2, na hizo ni kwa vile walinibadilishia rimu 3 ambazo sikufungua.