TAHADHARI: Mnaohamisha godauni za chuma, hesabuni chuma chenu kabla spana haijagusa bolti

Ndugu zangu wafanyabiashara wa nafaka, na wengine wote wenye godauni za chuma hapa Uganda, hasa nyie mnaopanga kuvunja kule Kampala au Mukono na kusimamisha upya huku mpakani: kuna mtu anazunguka barabara ya Jinja hadi Busia akijiita mkandarasi wa kuhamisha majengo ya chuma. Kiswahili chake kizuri, Kiganda chake kizuri, ana adabu, na bei yake inavutia. Ameniibia chuma changu, kisha akanilipisha kusimamisha kilichobaki. Jina lake silitaji kwa sababu faili liko polisi, ila nitaeleza anavyofanya kazi, hatua kwa hatua, ili akija kwako umjue.

Godauni yangu ilikuwa Mukono kwenye kiwanja cha kukodi. Upana mita 12, urefu mita 24, fremu tano, nguzo kumi. Niliinunua mpya kwa pesa ya mahindi niliyoiweka miaka sita. Mwenye kiwanja alipotaka ardhi yake, nikaona hakuna haja ya kujenga upya, maana jengo la aina hii limefungwa kwa bolti: unalifungua, unalipakia, unalifunga tena. Hilo ni kweli kabisa. Lakini ndilo linalotuponza, kwa sababu tunadhani ni kazi ya nguvu na spana tu.

Wakandarasi wawili walinitajia milioni 49 na milioni 52. Huyu akasema 34, "na kreni humo humo, Hajati." Hakuuliza ramani ya jengo. Hakuuliza kiwanja cha Busia kina udongo gani. Wale wawili waliuliza yote hayo, tena mmoja alipanda ngazi akapiga picha kila kiungo, na mimi nikamwona mtu wa kunipotezea muda. Tukaandikiana na huyu wa 34 karatasi moja yenye mstari mmoja wa maana: kuhamisha godauni kutoka Mukono hadi Busia na kuisimamisha. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, akapiga muhuri, nikalipa milioni 24 siku hiyohiyo.

Nilimuuliza kama vyuma havitaandikwa namba kabla ya kufunguliwa. Akanijibu, "Hajati, chuma si mahindi, hakimwagiki njiani." Nikaridhika. Mimi ambaye kila gunia langu linapita kwenye mizani na kuandikwa kitabuni, likiingia na likitoka, sikuhesabu hata chuma kimoja cha jengo langu.

Kuvunja kulichukua siku nne. Vijana wake walikuja na mtungi wa gesi ya kukatia, na kila bolti iliyokaidi kidogo waliikata badala ya kuifungua. Nilipolalamika, akaniambia nisijali, bolti mpya atanipa yeye, bure, kama zawadi. Lori mbili ziliondoka mchana, na mtoto wa kaka yangu akapanda ya kwanza. Lori ya tatu ilipakiwa usiku, eti kukwepa msongamano wa Jinja, na mtu wangu alikataliwa kupanda kwa sababu "nafasi imejaa". Lori hiyo ilifika Busia saa nane mchana wa siku iliyofuata. Kutoka Mukono kupitia Lugazi, Jinja, Iganga na Bugiri, hata uendeshe polepole vipi na mzigo, huwezi kutumia saa zote hizo bila kusimama mahali. Nilijua hivyo. Sikuuliza.

Jengo likasimama kwa wiki mbili na nusu. Kwa macho lilikuwa lilelile. Nikaingiza mahindi ya mavuno ya Julai, magunia 300, nikamshukuru Mungu.

Mvua ya kwanza kubwa ya Septemba ilipiga usiku. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta sakafu inang'aa maji. Nilipoinua kichwa nikaona paa limejaa vitundu vya mwanga, mistari kwa mistari, utadhani nyota zimepangwa kwa rula. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea, alisimama chini yake muda mrefu, kisha akasema, "Shangazi, kila tundu hilo lilikuwa na palini chini yake."

Kwa wasiojua, palini ni vile vyuma vyembamba, vyangu ni vya umbo la Z, vinavyolala juu ya fremu kubeba mabati. Bati linapigwa skrubu kwenye palini. Kule Mukono kila upande wa paa ulikuwa na safu saba za palini, zikiachana karibu mita moja. Nafasi kati ya fremu ni nne, pande ni mbili, kwa hiyo palini 56. Huku Busia nilisimamishiwa safu tano kila upande, zikiachana mita moja na nusu. Palini 40. Kumi na sita hazikufika. Kwa kuwa palini zilihamishwa, mashimo ya zamani ya skrubu hayakuangukia tena kwenye chuma. Wakatoboa mapya, na yale ya zamani wakayapaka lami kidogo juu ambayo jua la wiki chache liliipasua. Mabati yangu mwenyewe ndiyo yaliyotoa ushahidi.

Tukaendelea kuangalia. Vyuma vya mviringo vinavyokatiza kama X kwenye paa na ukutani, mafundi wanaviita bresi, havikuwepo hata kimoja. Hivyo ndivyo vinavyozuia fremu zisilale upande mmoja kama vitabu kwenye rafu upepo ukisukuma kwa urefu wa jengo. Kwa hiyo mlango wangu mkubwa uliokuwa unakwama kila jioni haukuwa na kasoro. Jengo zima lilikuwa limeanza kuegemea.

Kisha ile zawadi. Huyo mtoto wa kaka yangu alipanda ngazi hadi kwenye kiungo cha nguzo na fremu, akafuta vumbi kwenye kichwa cha bolti kwa kidole gumba. Akafuta ya pili, ya tatu. Akashuka akaniletea bolti moja ya zamani niliyoiokota Mukono nikaiweka kwenye droo bila sababu yoyote. Juu ya kichwa chake imegongwa 8.8, namba ya daraja la nguvu yake. Zile za juu zimegongwa 4.6. Unene uleule, urefu uleule, spana ileile. Tofauti ni kwamba chuma cha 4.6 kinakatika kwa nusu ya nguvu inayokata 8.8. Mhandisi niliyemwita baadaye aliniambia kununua bolti mpya si kosa, bolti zilizokwisha kukazwa sana mara moja ni bora zibadilishwe, lakini zirudishwe za daraja lilelile. Viungo vyangu ni 15 vyenye bolti nane kila kimoja. Bolti 120, zote za nusu nguvu, juu ya vichwa vya vijana wanaonibebea magunia kila siku.

Chini hali ni hiyohiyo. Bolti za msingi waliziotesha kwenye zege kwa kukadiria, bila kigezo, nguzo zikakataa kukaa, wakapanua matundu ya vitako vya nguzo kwa gesi. Na walipandisha nguzo siku ya tano baada ya kumwaga zege, likiwa bado changa.

Mahindi yaliyolowa ni magunia 60. Unyevu wa kuhifadhi na kuuza haupaswi kupita asilimia 13.5, na tangu Kenya ilipozuia mahindi yetu Machi 2021 kwa ajili ya sumukuvu, wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka hawachezi na jambo hilo. Hakuna aliyeyagusa, na mimi sikuthubutu kuyauza kwa watu wa kula.

Polisi walinipokea vizuri. Afisa aliuliza swali moja tu: "Palini zilikuwa ngapi kabla?" Mkataba haukusema. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka makubaliano yanayozidi shilingi 500,000 yawe ya maandishi, na yangu yalikuwa ya maandishi, ila hayakuwa na hesabu ndani yake. Ilinichukua wiki tatu kupata hati ya mzigo ya siku niliyonunua jengo, inayosema palini 56 na bresi 16, ndipo faili likafunguliwa. Kwenye mahakama ya madai madogo sikuweza kwenda, huko mwisho ni shilingi milioni 10 na hasara yangu imepita hapo. Na nilipotafuta jina la biashara yake URSB, ofisi ya serikali inayosajili biashara, halikuwepo. Hilo ningeweza kulifanya kabla ya kutoa hata shilingi.

Halafu kuna kibali. Aliniambia chuma si nyumba, hakihitaji kibali. Si kweli. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali cha kamati ya majengo ya eneo lako, na godauni ni jengo. Ningeomba kibali, mhandisi wa manispaa angetaka michoro, na huyu mtu angekimbia mapema.

Kwa hiyo akija mtu kukuhamishia godauni, mpe rangi na brashi kwanza. Kila nguzo, kila fremu, kila palini iandikwe namba inayolingana na mchoro, wewe uwepo, upige picha. Hesabu hiyo iingie kwenye mkataba wenyewe, pamoja na daraja la bolti, na msaini wote. Kila lori lipite kwenye mizani likiwa tupu na likiwa na mzigo, likitoka na likifika. Sisi wa nafaka mizani tunazo, hatuna udhuru. Mtu wako apande kila lori, na kama nafasi imejaa, lori lisubiri. Malipo yafuate hatua, na fungu kubwa libaki hadi palini ya mwisho ihesabiwe juu ya paa. Wakati wa kuvunja angalia bresi: fundi anayejua huziacha hadi mwisho, na wakati wa kusimamisha huanza na nafasi yenye bresi. Anayezitoa kwanza anaweza kuua vijana wake hapohapo. Na anayekupa bei bila kuuliza ramani, usimpe kazi.

Sasa hivi jengo limefungwa kwa waya na kushikiliwa na miti, mahindi yaliyopona yako kwa jirani, na fundi mwingine, yule aliyepanda ngazi kupiga picha, ameanza kufungua paa.

Ombi langu kwenu, hasa nyie mnaonunua chuma chakavu Jinja, Iganga na Kisenyi ya Kampala: palini zangu ni za umbo la Z, urefu mita 6, rangi ya bluu iliyopauka, na kila moja ina matundu manne kila mwisho. Upande wa juu zina matundu ya skrubu. Ukikutana nazo, au ukimjua aliyeziuza katikati ya mwaka jana, niandikie hapa kwa siri. Hata moja ikipatikana, polisi wanaihitaji.