Kununua droni Kisumu au Nakuru: anza na mawimbi yake

Muuzaji akikuonyesha droni huanza na kamera. Kamera ina maana yake, hasa kwa mpiga picha anayeishi kwa kazi za harusi na matanga, lakini kinachoamua kama droni itakurudia mikononi ni mawasiliano kati yake na rimoti. Hayo mawasiliano ndiyo nimeyapanga hapa, kuanzia aina ambayo ningemnunulia ndugu yangu hadi ile ambayo ningemkataza.

Kwanza tuzielewe kilomita zilizoandikwa kwenye boksi. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani zinamtaka mrushaji wa kawaida aione droni yake muda wote na asipite futi 400 kutoka ardhini. Droni ya gramu 249 ikifika mita 500 tayari imekuwa nukta angani. Basi kilomita 10 ni za nini? Ni akiba. Mawimbi yanayofika kilomita 10 mahali peupe, ukiyatumia kwa mita 500 tu, yana nguvu kama mara 400 ya ile inayohitajika. Nguvu hiyo ndiyo inayoliwa na mikaratusi, mapaa ya mabati, miwa iliyokomaa, mwili wako mwenyewe na Waifai za mtaa mzima. Boksi likiwa na namba mbili, moja kwa kanuni za Marekani na nyingine kwa za Ulaya, piga hesabu na ile ndogo.

Nafasi ya kwanza naipa mitambo ya kidijitali inayotumia masafa ya gigahezi 2.4 na 5.8 kwa pamoja. DJI, kampuni ya Kichina ya droni, huuita wake OcuSync, na matoleo ya karibuni yanaitwa O3 na O4. Picha, amri na taarifa za betri hupita njia moja, na mtambo wenyewe huhama ukikuta kelele. DJI Mini 4K ina OcuSync 2.0: kilomita 10 kwa kanuni za Marekani, 6 kwa za Ulaya. Ilipotoka mwaka 2024 iliuzwa dola 299 huko Marekani. Hapa ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Kwa mkulima wa Ahero anayetaka kuona maji yamefika wapi kwenye mpunga, hiyo inatosha kabisa. Anayefanya kazi za mjini kila wikendi, Kondele au katikati ya Nakuru, aongeze pesa achukue Mini 4 Pro yenye O4, ambayo hufika kilomita 20 kwa kipimo cha Marekani na 10 kwa cha Ulaya. Hatazihitaji kilomita zote hizo, ila akiba yake ataihitaji.

Ukishainunua, usiilazimishe kutumia gigahezi 5.8 mashambani. Kwa nguvu na antena zenye uwezo sawa, 2.4 hufika zaidi ya mara mbili ya umbali wa 5.8. Mjini mambo hugeuka: 2.4 imejaa watu, na kama droni iko mbele ya macho yako bila kizuizi, 5.8 hutoa picha tulivu zaidi.

Ya pili ni ExpressLRS, mfumo wa redio wa kuongozea droni, na hii ni ya wanaojiundia wenyewe, kama vijana wanaotengeneza ndege za mabawa za kupima mashamba ya miwa Muhoroni na Chemelil. Programu yake ni ya bure na iko wazi kwa yeyote, na kwa kuwa inabeba amri na taarifa chache tu, hufika mbali kwa umeme kidogo. Haibebi video, hiyo utainunua kando, pamoja na uzito wake. Angalia sana masafa unapoagiza. Toleo la megahezi 915 lilitengenezewa Marekani, na hapa kwetu linaingia kwenye masafa ambayo simu hutumia kuongea na minara. Agiza la gigahezi 2.4.

Redio ndogo za megahezi 433 zinazouzwa pamoja na Pixhawk, kompyuta ndogo inayowekwa ndani ya droni kuirusha, naziweka ya tatu. Zinafaa kufuatilia kwenye kompyuta droni inayopita mistari uliyoipanga mapema, na majani hayazisumbui sana. Jinsi zinavyotoka kwenye boksi, usizitarajie zaidi ya mita mia kadhaa, wala usizitegemee kuiongoza droni.

Kuongoza droni kwa laini ya simu ya 4G huwavutia wengi kwa sababu mnara unaonekana kila kilima. Antena za mnara huinamishwa kuelekea walipo watu chini. Droni ikipanda huiona minara mingi kwa wakati mmoja, mawimbi yakagongana, na amri zikachelewa kwa muda usioweza kuukadiria. Tena, kurusha mbali na macho kunahitaji kibali maalumu cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Iwe njia ya akiba tu.

Ya mwisho ni Waifai tupu, zile droni ambazo simu yako ndiyo rimoti. Ndizo rahisi kuliko zote na ndizo zinazopotea. Waifai husubiri zamu yake: mtandao wa jirani ukiongea, droni yako inanyamaza na picha inaganda. Nyingi ya hizi hazina GPS, kwa hiyo mawasiliano yakikatika hazijui nyumbani ni wapi. Kisumu, asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, nao ndio utakaoichukua. Mnunulie mtoto kwa kucheza uwanjani, basi.

Kwenye mitumba soma jina vizuri. DJI Mini SE hutumia Waifai iliyoboreshwa, ya kilomita 4 kwa kipimo cha Marekani. Mini 2 SE ina OcuSync 2.0. Namba moja katikati ya jina, na tofauti kubwa angani. Usizilipie bei moja.

Ukiagiza nje, pata kwanza idhini ya KCAA ya kuingiza droni, kisha uisajili. Redio nayo lazima iwe imekubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, au ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori, usirushe bila ruhusa.

Dukani, omba mtoke nje mahali palipo wazi na panaporuhusiwa. Subiri droni ishike GPS na kuhifadhi mahali ilipoanzia, weka kimo cha kurudi kipite mti mrefu kuliko yote yaliyopo, halafu ipeleke mita mia moja hivi. Ipe mgongo ukiwa umeshika rimoti kifuani na utazame vipimo vya mawimbi vinashuka kiasi gani, huku muuzaji akiiangalia. Mwishoni mpe rimoti na mwambie aizime. Ikirudi yenyewe na kutua, mnaweza kuanza kuongea bei.