Vidonge vya bakteria rafiki: nimetoa elfu 45, nimepata nini?

Jamani wadada, mada hii haina heshima lakini acha niiseme. Mi tangu nijifungue mtoto wa pili nimekuwa mtu wa kukosa choo, wiki nzima naenda mara mbili, na chenyewe ni vile vigololi kama vya mbuzi, natoka chooni nimelowa jasho utadhani nimetoka kubeba zege. Wataalamu wanasema ukienda chini ya mara 3 kwa wiki hapo kuna shida. Mwanzo nililaumu fefo, maana vile vidonge vya kuongeza damu vinajulikana kwa kufunga choo, ila fefo nikamaliza na choo hakikurudi.

Na watu wanaona ni kitu kidogo. Gauni ulilovaa asubuhi jioni zipu haipandi, kwenye daladala kijana kanipisha siti akajua nina mimba, nikakaa, ningefanyaje sasa. Kazini choo ni kimoja na wanaume humohumo, ukikaa dakika 5 mtu anagonga, basi unabana, ukibana haja inapotea na kesho yake inakuwa ngumu zaidi. Hadi mume anauliza mbona umenuna, unamjibu nini.

Ndio nikaingia famasi moja, siitaji, nikauziwa probayotiki, yaani hao bakteria rafiki, kapsuli 30 kwa elfu 45. Boksi limeandikwa bilioni 10. Sawa, bilioni 10 za nini? Lactobacillus, basi, nukta. Hivi vijidudu vina koo zake, ni kama mtu akuuzie ng'ombe asikwambie ni wa maziwa au wa nyama, kwa mambo ya choo anayetajwa sana ni Bifidobacterium lactis na kwangu hayumo. Halafu pembeni wameandika weka chini ya nyuzi 25, wakati maboksi yenyewe yamepangwa dirishani yanapigwa na jua la saa nane mchana, Dar, mwezi wa pili! Nafungua kopo nakuta kapsuli mbili zimegandana kama ubuyu. Vile ni viumbe hai jamani, vikiivia humohumo unameza maiti.

Nikameza hivyohivyo, hela yangu imeshaenda. Wiki ya kwanza tumbo linanguruma kama jenereta, wiki ya tatu gesi imepungua kweli, hapo sidanganyi, na choo kikafika mara 3. Kwa elfu 45 nilitegemea zaidi.

Boksi lilivyoisha sikununua lingine. Jirani yangu akanivuta kutembea alfajiri, nusu saa, siku 5 kwa wiki, ukijumlisha ni dakika 150, ndizo WHO wanazosema kwa mtu mzima. Wala hatukimbii, tunatembea kwa haraka huku tunasema watu, Jumamosi ndio tunajikongoja mpaka daraja la Tanzanite. Utumbo nao unataka uchezwe, ukikaa kwenye kiti kutwa na wenyewe unalala. Nikarudi nyumbani naoga, nakunywa maji na chai, nakaa chooni bila haraka muda uleule kila siku, miguu juu ya kigoda cha jikoni magoti yapande, yaani kama nimechuchumaa choo cha bibi kijijini. Nikaacha sembe nikala dona, na jioni kikombe cha mtindi ambao nao una bakteria wake na haunimalizi hela.

Sasa hivi naenda mara 5 kwa wiki. Mtu akiniuliza kipi hasa kimesaidia, hapo nimejichanganya mwenyewe, vyote nilianza karibu wakati mmoja, ila wiki mtoto alipoumwa sikutembea na dona na mtindi viliendelea, vigololi vikarudi, nikajua.

Ukiona damu au unapungua mwili bila sababu usihangaike na rivyu yangu, nenda hospitali. Na yale majani ya chai ya kukata tumbo mniache nayo, nilikunywa mara moja nikashinda chooni Jumapili nzima.

Kapsuli nyota 2 kati ya 5, hizo 2 ni za gesi. Famasi nyota 1. Dada wa kaunta mpole, nilirudi nikamwambia yale maboksi ayatoe juani, akasema sawa dada, nimepita juzi yapo palepale dirishani, yamepauka na rangi.