Golf GTI ya kizazi cha tano kwa siku za uwanja wa mbio: uchambuzi kutoka gerejini

Habari zenu watazamaji, na karibuni tena. Gari mnaloliona hapa juu ya stendi ni Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano, yenye injini ya turbo ya lita 2.0 inayotoa nguvu za farasi 200, na DSG, yaani giaboksi ya kujibadilisha yenye klachi mbili, ya gia sita. Hapa Nairobi magari haya, mengi yakiwa yametumika Japani kwanza, yamepatikana kwa wingi, na vijana wanaoyanunua huniuliza mapema waweke programu gani ya kompyuta ya injini ili waongeze nguvu. Jibu langu huwaudhi: nguvu zilizopo zinatosha, ila gari halihimili joto.

Siku yangu ya kwanza uwanjani niliingia na mafuta ya breki ambayo hata sikumbuki yalibadilishwa lini. Katika mzunguko wa nne, mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, pedali ilizama karibu sakafuni, nikaikanyaga mara tatu kabla breki hazijashika, na wakati huo nilikuwa tayari nimeingia kwenye nyasi. Uzembe ulikuwa wangu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155, na yakichemka hutoa mapovu ya mvuke ambayo hubonyea mguu unapokanyaga. Gari hili lina zaidi ya kilo 1,300, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, kwa hiyo diski za mbele za milimita 312 hubeba sehemu kubwa ya mzigo wa kusimamisha.

Siku hizi natumia DOT 5.1, ambayo yakiwa mapya huanzia nyuzi 260, nami hutoa hewa kwenye mfumo kabla ya kila tukio. Pedi nazo nimeweka za uwanjani, ambazo zikipata moto hushika vizuri mno. Zikiwa baridi hushika kwa kusitasita na kupiga mlio ambao majirani zangu wanaujua, ndiyo maana pedi za barabarani hazitoki kwenye buti.

Kuna jambo la hapa kwetu pia. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ni nyepesi, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili itoe shinikizo lilelile, hivyo hewa inayoingia kwenye injini huwa moto zaidi, huku kipoza hewa (intercooler), kinachopoza hewa inayotoka kwenye turbo, kikipitiwa na upepo mwepesi usioweza kubeba joto jingi. Baada ya mizunguko michache kompyuta huchelewesha cheche ili kuilinda injini, na gari huwa zito. Mimi ningenunua kipoza hewa kikubwa kabla ya programu yoyote.

Sasa sogezeni macho karibu. Kikombe hiki kidogo cha chuma hukaa kati ya kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu za injini, na pampu ya petroli ya shinikizo kubwa. Kikiwa kipya uso wake ni mweusi. Hiki, kama mnavyoona, kimeng'aa katikati, maana yake utando umelika na chuma kimeanza kusagana na chuma. Kikitoboka, pampu na kamshafti huharibika pamoja. Kukikagua ni kufungua boliti tatu za pampu, na bei yake haifikii tangi la petroli, kwa hiyo mimi hukitazama kila ninapobadilisha oili.

Oili ya DSG hubadilishwa kila kilomita 60,000 kwa matumizi ya kawaida. Kwa gari la uwanjani mimi hufanya hivyo nusu ya safari hiyo. Masizi hujikusanya kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa kuwa petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na haizioshi, lakini hilo nitalifungua katika video yake.

Mkimaliza mbio, zungukeni mara moja polepole bila kugusa breki, kisha egesheni mkiweka gia kwenye P, ya kuegesha, pasipo kuvuta breki ya mkono, kwa sababu pedi zilizobanwa kwenye diski za moto huziachia alama. Magurudumu yakishapoa, kazeni boliti zake kwa spana ya kipimo hadi Nm (nyutoni-mita) 120, ndipo muanze safari ya kurudi nyumbani.